Mava, mwanandani, "kakata moto": maneno ya kaburi yana hukumu gani?

SWALI: Asalam alaykum shekhe. Wiki iliyopita tulimzika bibi yetu. Enzi za uhai wake alikuwa anapenda kusema mava, ziara, mwanandani, kiunza, na sisi wajukuu tulikuwa tunaitikia tu bila kuelewa, siku ya maziko ndo nikajiona mgeni kabisa pale kaburini. Sasa wadogo zangu waliandika kwenye grupu la familia "bibi kakata moto", mwingine akaweka "saivi yuko futi sita", mama akasoma akalia sana. Mjomba akawakemea, ila na yeye akaandika "bibi amefika kwenye nyumba yake ya milele". Na binamu yetu anasema mava na kuzimu ni maneno ya kishirikina, tuseme kaburi tu. Nani yuko sawa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah wabarakatuh mwanangu. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun, Allah amrehemu bibi, ampanulie kaburi lake na alitie nuru, na mama yako ampe subira.

Naanza na mjomba, maana yeye kakemea kwa haki lakini neno lake ndo limenishtua kuliko yote. "Nyumba ya milele" linasikika la heshima, tunaliandika kila siku kwenye matangazo ya misiba, lakini ukilichukua kama lilivyo linasema safari imeishia pale kwenye udongo, hakuna kufufuliwa, na wanazuoni wameshalionya sana hili. Najua mjomba hakukusudia hivo, hatumhukumu, ila neno aliache. Kaburi si mwisho, ni barzakh, kituo cha kati. Allah anasema katika Suratut Takathur "mpaka mkazuru makaburi", kazuru, hakusema mkakaa. Wafasiri wametaja kwamba bedui mmoja aliposikia aya hii akaapa kwa Mola wa Al-Kaaba kuwa watu watafufuliwa, kwa sababu mwenye kuzuru huondoka, hakai. Bedui huyo hakuhitaji darasa, lugha yake ilimtosha.

Sasa rudi kwa bibi yako aliyekuwa akisema ziara. Ni neno hilohilo, kuzuru, ziara! Wazee wa pwani wakiliita kaburi la mtu mwema ziara na makaburini maziarani, na ndani ya neno mna kitu kilekile alichokisikia yule bedui. Na katika Suratu Yasin waliofufuliwa watasema nani katuamsha malaloni petu, yaani mahali pa kulala, na mwenye kulala huamka.

Mwanandani ndo neno nisilotaka mlipoteze wallahi. Kaburi la kwetu likishachimbwa kwenda chini, mchimbaji anageukia ukuta wa upande wa kibla pale chini kabisa, anachimba tena kwa ndani, kijinafasi cha kumtosha maiti kulala kwa ubavu wa kulia. Hapo ndo mwanandani, wengine husema lahadi kwa Kiarabu chake. Maiti akishalazwa, fundo za sanda zikalegezwa, shavu likagusa udongo, zinaegeshwa mbao za kuziba ule mdomo ili mchanga usimwangukie, na hizo ndo viunza, mmoja wake kiunza. Wewe ulipokuwa umesimama pale juu bila shaka uliona watu wanapokezana mbao kwenda chini, basi bibi alikuwa amekutajia zamani.

Mtume alipofariki, Madina palikuwa na wachimbaji wawili, Abu Ubayda aliyekuwa akichimba la kunyooka, lisilo na mwanandani ubavuni, kama watu wa Makka na Abu Talha aliyekuwa akichimba lahadi, wakaitwa wote wawili, Abu Talha akawahi kufika, kwa hiyo Mtume akazikwa kwenye lahadi. Saad bin Abi Waqqas akiwa mgonjwa akausia na yeye achimbiwe hivohivo, iko katika Sahihi Muslim. Ardhi ikiwa ya mchanga unaoporomoka la kunyooka linafaa bila tatizo. Ninachoogopa ni kwamba neno likipotea kijana anayepewa jembe hajui hata aulize nini, anachimba shimo tu.

Na hizo futi sita si kipimo cha sharia. Siku ya Uhud Mtume aliamrisha chimbeni, panueni na mwende chini, makusudio yakiwa maiti asitiriwe, harufu isitoke na wanyama wasimfukue. Imam Nawawi katika madhehebu yetu ya Shafi kataja dhiraa nne na nusu (dhiraa ni toka kiwiko mpaka ncha ya kidole) kuwa ndo bora, na pungufu ya hapo pia inatosha kama anasitirika.

Wadogo zako hawajatoka kwenye dini, lugha ya vijana si kufuru, kukata moto, kudedi, kuvuta, ni maneno ya mtaani na kila kizazi kina yake. Kosa lao ni lile chozi la mama. Mtume kakataza kuwatukana waliokufa tukawaudhi walio hai, iko katika hadithi za Tirmidhi. Na lilipopita jeneza la Myahudi alisimama, akaambiwa huyo ni Myahudi, akasema kwani si nafsi? Kama kwa mtu asiye wa dini yake alisimama, bibi aliyewalea hao vijana hastahili neno la utani kabla hata tanga halijaanuliwa. Wamuombe mama msamaha, wamwendee wenyewe, wasiandike tena kwenye grupu.

Binamu kachanganya vitu viwili. Mava ni mahali pa kuzikia tu, neno safi kabisa, hata kuzika lenyewe ni la Kibantu na hatukuambiwa tuliache tuseme la Kiarabu. Kuzimu hapo ana hoja, maana linatoka kwenye mizimu, makazi ya pepo za wahenga zinazodhaniwa zinaleta mvua na maradhi, itikadi hiyo haipo kwetu. Akilisema mtu kwa mazoea asiitwe mshirikina, aelekezwe aseme barzakh au ahera.

Mjomba akitaka kurekebisha tangazo aandike "amezikwa", inatosha. Na mkienda mavani kumzuru bibi, Mtume alifundisha tutoe salamu kwa kusema asalamu alaykum ahla diyar, enyi watu wa majumba haya, katika waumini na Waislamu, na sisi inshallah tutakutana nanyi.

Wallahu aalam.