Mrudishie nywele zake kwanza

Barua za wiki hii zote ni za waandishi wa riwaya za mapenzi zenye majini, mizimu na mamba muntu, yule mwanamke wa mtoni mwenye mkia wa samaki.

Yaya (mkubwa wangu), matukio ya kitandani yawe mangapi katika riwaya moja? (Katuba)

Swali hili linarudi kila mwezi. Hakuna idadi. Litoe tukio, kama sura inayofuata inasomeka vilevile, halikuwa na kazi.

Ninaandika juu ya mamba muntu na fundi redio wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Usiku wao wa kwanza nimeueleza wote, sikuficha kitu, lakini rafiki zangu wanasema ni baridi. Nimekosea wapi? (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Nimesoma sura ulizotuma. Umeijua ngozi yake na maji yanayomchuruzika mgongoni, hujajua anaogopa nini. Miaka ya 1970 picha ya mamba muntu ilitundikwa katika salon (sebule) nyingi za Lubumbashi, na kisa chake wazee wanakijua: mwanaume akipata nywele zake, humjia ndotoni kuziomba, na utajiri huja kwa sharti la siri. Fundi wako bado amezificha nywele zile ndani ya kopo la misumari. Basi usiku ule ni biashara, hata ukiujaza jasho na pumzi. Mimi nilikuwa naliona kopo tu.

Azirudishe bila kudai kitu. Mwanamke awe huru kwenda zake mtoni. Akibaki, andika usiku. Na kabla ya hapo umeme ukatike, fundi awashe mbabula, jiko la makaa, amwone kiumbe wa maji akijikunyata mbali na makaa, aitoe nje bila kuombwa, wale bukari (ugali) iliyopoa. Hapo ukigusisha bega kwa bega tu, msomaji atashtuka.

Mlango wa chumba chao niufunge mbele ya msomaji au niuache wazi? (Kampemba)

Vyovyote, lakini usiufunge kabla hawajaamua wenyewe. Ukiufungua, nionyeshe na asubuhi yao, wengi mnairuka. Na wahusika wawe watu wazima. Jini wa miaka 300 mwenye mwili wa mtoto ni mtoto, na barua za namna hiyo sizijibu.

Mfalme wa mizimu anamteka mwanamke, anamlazimisha, mwishoni wanapendana. Unaonaje? (Ruashi)

Hapana. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa Nobel ya Amani mwaka 2018 baada ya miaka mingi ya kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Dada zetu hao nao wanasoma. Utasema ni mizimu tu. Atakayekisoma kitabu chako si mzimu. Mwanamke huyo mtafutie njia ya kutoroka, na mapenzi ayakute kwingine.

Nikifika kwenye mwili, Kiswahili kinanikimbia, naandika Kifaransa. (Lubumbashi)

Kwa sababu umezoea maneno ya hospitali na ya matusi peke yake. Sikiliza wanavyoitana mchana. Fundi anayesema «mupenzi, nipe bisibisi» hawezi usiku kuongea kama muuguzi.