Impreza ya rali inatoa moshi mweusi: usiilaumu sensa ya hewa (MAF) bado

Mkuu umeuliza Subaru Impreza yako ya turbo ukikanyaga inatoa moshi mweusi na haina nguvu, na fundi kakwambia toa MAF (sensa inayopima hewa inayoingia) weka MAP (sensa ya presha) kama gari za mashindano. Subiri kwanza. Mimi niko Tanga, yangu nimeikimbiza sana njia za mashamba ya mkonge huko Pongwe na Muheza, vumbi kama unga, na hii sensa ya hewa imeshanilia hela mara mbili.

Mara ya kwanza nilifunga ea klina ya koni, zile za kupaka oili, nikaipaka kama chapati. Kumbe ndani ya MAF kuna kiwaya chembamba kinachopashwa moto kwa umeme, hewa ikipita inakipooza, sasa kontroliboksi (kompyuta ya injini) inaangalia umeme kiasi gani umetumika kukirudishia joto ndio inajua hewa imeingia kiasi gani. Oili ikaganda na vumbi juu ya waya, ikawa inasoma hewa kidogo, petroli inapigwa kidogo, na turbo ikikosa petroli pistoni zinatoboka hivi hivi. Nilipulizia dawa yake maalumu ikakaa sawa (usiiguse na pamba wala kidole aisee, utakata waya).

Mara ya pili ndio kama wewe. Moshi mweusi, nikauziwa MAF nyingine, moshi uko pale pale. Siku hiyo napanda Soni kwenda Lushoto, nikikanyaga nasikia fyuuu, kucheki bomba la intakula (kile kipoza hewa ya turbo) limechanika kwa chini. Yaani hewa imeshapimwa na petroli yake imeshapangwa, halafu inavujia nje kabla ya kufika kwenye injini, petroli itaachaje kuzidi? Injini isiyo na turbo ni kinyume, tundu likiwa baada ya sensa inanyonya hewa isiyopimwa, inakosa petroli.

MAP yenyewe siyo mbaya. Inasoma presha ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) tu, kontroliboksi inapiga hesabu kwa mizunguko na joto la hewa, Bosch walitumia njia hiyo kwenye D-Jetronic tangu 1967. Hakuna waya wa kuchafuliwa na vumbi. Ila ukibadili kemshafti (shafti inayofungua valvu) au turbo hesabu zote zimelala, unatuni upya, na kemshafti kali ikiunguruma bila kukanyagwa presha inayumba mpaka wengine wanaamua kutumia pembe ya throto (kile kifuniko kinachofunguka ukikanyaga) badala yake. Hiyo ni hela nyingine.

Kwa hiyo nenda kwa jamaa wa pancha. Chomoa bomba linalotoka MAF, ziba mdomo wa kuingilia turbo kwa kifuniko cha PVC chenye valvu ya tyubu, jaza upepo taratibu usipite presha ya turbo yako, halafu paka povu la sabuni kila kwenye klipu na chini ya intakula. Povu lisipochemka popote, rudi hapa tuongelee MAP.