Bodi ya treni ndogo ya kampuni moja, chasisi ya nyingine: pima kwanza, piga tupa baadaye

Bodi nzuri ya kichwa cha treni, yaani ganda lake la nje, huishi zaidi kuliko mota iliyo chini yake. Wengi tunaoendesha treni ndogo tuna kichwa cha zamani ambacho sura yake bado inavutia, lakini kinanguruma, kinasuasua kwenye makutano ya reli, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Papo hapo kuna chasisi ya kampuni nyingine yenye mota katikati, flaiwili mbili (magurudumu mazito ya kutuliza mwendo wa mota) na magurudumu yote yanayovuta. Kuvioanisha viwili hivyo ni kazi ninayoipenda kuliko zote katika uundaji huu. Nimeshavioanisha vichwa kadhaa, na ninaloshikilia ni hili: kufaa au kutofaa kwake huamuliwa na vipimo, kabla hujakata chochote.

Usianze na urefu wa bodi. Mtu huiona chasisi ina urefu ule ule, akafurahi, akanunua. Anza na umbali kati ya vitovu vya fremu mbili za magurudumu, halafu umbali kati ya ekseli ya kwanza na ya mwisho ndani ya fremu moja. Urefu unaozidi kwenye ncha za chasisi unaweza kuukata. Vitovu vya fremu, kwenye chasisi nyingi, huwezi kuvisogeza bila kugusa shafti na gia.

Chukua modeli za vichwa vya dizeli vya EMD, kiwanda cha Marekani, ambavyo hufanana hadi vinadanganya. GP9 ina futi 31 kati ya vitovu, GP30 na GP35 zina futi 32, GP38 ina futi 34. Zote kwa kawaida zinasimama juu ya fremu za magurudumu za aina ya Blomberg, zenye futi 9 kati ya ekseli. Kwa skeli ya 1:87, yaani modeli iliyopunguzwa mara 87, umbali huo wa vitovu ni takriban milimita 108.5, 112 na 119. Bodi ya GP30 juu ya chasisi ya GP35 haina tatizo la magurudumu kabisa. Bodi ya GP9 juu ya chasisi ya GP35 itakuwa na tofauti ya chini ya milimita 2 kila upande, na jicho litaisamehe. Bodi hiyo hiyo juu ya chasisi ya GP38 itasukuma magurudumu zaidi ya milimita 5 kuelekea kila ncha, yatagonga ngazi, na kichwa kitaonekana kimetanua miguu. Mimi huweka mpaka kwenye milimita 2 kila upande. Ikizidi hapo, natafuta chasisi nyingine.

Jihadhari pia na skeli. Modeli za Kiingereza za OO ni 1:76, na za HO ni 1:87, lakini zote hupita kwenye reli ile ile ya milimita 16.5. Fremu ambayo kwenye treni halisi ina mita 3 kati ya ekseli itakuwa milimita 39 hivi kwa OO na 34 na ushei kwa HO. Magurudumu yatakaa relini bila shida, ila chini ya bodi yataonekana ya kichwa kingine.

Sasa kimo, ambacho ndicho huchukua muda mwingi kuliko hatua zote. Kichwa kilichokaa juu mno kwa milimita moja huonekana kibaya hata kwa mtu asiyejua kwa nini. Usikisie kwa macho. Kwa modeli za HO za Marekani kuna kipimo cha NMRA, chama cha waundaji treni ndogo cha huko: katikati ya kulabu ya kuunganishia mabehewa iwe inchi 25/64 juu ya reli, yaani kama milimita 9.9, na Kadee, kampuni ya kulabu, wanauza kipimio chake. Kwa vichwa vya Ulaya vyenye bafa (vizuizi vya mgongano kwenye ncha), bafa halisi huwa kwenye milimita 1060 hivi juu ya reli, na kwa 1:87 hiyo ni milimita 12.2. Weka chasisi kwenye reli iliyonyooka juu ya ubao ulio sawa, kisha pandisha bodi kwa vipande vya plastiki vya nusu milimita mpaka kimo kikubaliane na kipimo. Idadi ya vipande hivyo ndiyo unene wa viegemeo utakavyotengeneza baadaye.

Mara nyingi bodi haitashuka hata kufika hapo, kwa sababu kuna kitu kinaizuia ndani. Bandika vipande vya udongo laini wa kuchezea juu ya mota, kwenye vizito na kwenye sakiti ya taa, vaza bodi, bonyeza taratibu, kisha ivue. Udongo ulipokuwa mwembamba kabisa ndipo penye kizuizi. Mara nyingine ni ukuta mdogo ndani ya bodi ambao hauna kazi tena, nao unaondoka kwa kisu na msasa. Upana nao upime: modeli nyingi za zamani za kampuni ya Athearn za vichwa vya aina ya GP zilipanuliwa kupita skeli ili mota ienee. Bodi kama hiyo juu ya chasisi nyembamba ya leo itayumba mpaka uijaze kwa vipande vya plastiki pembeni. Bodi nyembamba juu ya chasisi ya zamani, kwa kawaida, haingii.

Pale ambapo lazima kitu kikatwe, kata kisichoonekana. Bodi ndiyo sura, kwa hiyo mimi huanza na chuma cha chasisi. Lakini kwanza toa mota, gia, shafti na waya zote. Unga wa chuma ukiingia kwenye gia au ukinaswa na sumaku ya mota, utakusumbua daima. Chasisi nyingi ni za aloi ya zinki, laini kiasi cha kuziba meno ya tupa. Ipake tupa chaki kabla ya kuanza. Vaa miwani na barakoa, kisha osha chuma kwa maji na sabuni na ukikaushe vizuri. Ukikuta kimevimba au kina nyufa, kiache. Aloi hiyo inaoza kutoka ndani na haitibiki.

Chasisi iliyogawanyika nusu mbili kwa urefu inataka uangalifu wa peke yake. Kila nusu inabeba umeme wa reli moja, kwa hiyo skrubu ya chuma inayogusa zote mbili ni shoti. Tumia skrubu za plastiki.

Usigundishe bodi kwenye chasisi. Utahitaji kuifungua ili utie mafuta. Gundisha vipande vinene vya plastiki ndani ya bodi, mbele na nyuma, kwa gundi inayoyeyusha plastiki, na uitumie kwa uchache maana ikizidi italainisha ukuta na alama itatokea nje. Viache vikauke usiku mzima. Toboa kwa biti ya milimita 1.6, kata hesi ya M2, na skrubu mbili zinatosha. Kama utaweka dikoda, yaani kifaa cha kuongoza kichwa kwa mfumo wa dijitali, hakikisha kwa mita ya umeme kwamba hakuna brashi ya mota inayogusana na chuma cha chasisi.

Kabla ya rangi, kijaribu kwenye kona kali kuliko zote ulizo nazo, umeme ukiwa umezimwa, ukikisukuma kwa mkono. Paka wino wa kalamu nene kwenye kingo za magurudumu. Gurudumu likigusa ngazi au ukingo wa ndani wa bodi, wino utabaki pale lilipogusa, na hapo ndipo pa kupunguza. Fanya hivyo kona ya kushoto na ya kulia, mbele na nyuma, kisha rudia kichwa kikiwa kimefungwa mabehewa, kwa sababu mvuto wa kulabu husogeza fremu kidogo na mgusano ambao hukuuona mwanzoni hujitokeza.