Debian mpya inatoka lini? Ikiwa tayari

Chalii wangu umeuliza nani anaamua Debian mpya, ule mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, itoke lini wakati hakuna kampuni wala bosi, ni hivi, kuna timu ya matoleo, watu wa kujitolea kama wengine tu ila hao ndo wameshika funguo. Programu mpya inaanzia sid, yani tawi la Debian la vitu vibichi kabisa, ikikaa siku kadhaa, kawaida 2 mpaka 10, bila kuleta bagi mpya nzito (makosa ya programu) inahamia testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo, na hapo ni skripti inahamisha sio mtu (mi hii ndo naikubali, hamna kujuana). Halafu kila baada ya kama miaka 2 wanaigandisha testing, yani mavitu mapya hayapokelewi tena, watu wanaua bagi tu miezi na miezi, ndo maana inaonekana wanachelewa. Toleo linaloitwa bookworm lilitoka Juni 2023, la trixie Agosti 2025.

Kwa hizo kompyuta zako za stesheneri hapo Mbauda weka stable, yani toleo lililoshatoka rasmi, bana, sid iache kwa laptop ya kuchezea, apdeti moja ya asubuhi inaweza kukuachia skrini nyeusi na wateja wa kuprinti wamejaa mlangoni