Nanga kwanza, spika baadaye

Kipupwe kimeingia, kusi linavuma, na mmeanza tena. Mmeziona yoti za Wazungu zimelala Mikindani, wenyewe wameanika nguo na kunywa kahawa, nanyi mmetamani kuhamia chomboni wiki mbili tatu. Hakuna ubaya. Ila katika maswali yote ya mwezi huu ni moja tu lililotaja nanga, na lenyewe lilitaka kujua kama inauzwa kwa kilo.

*Shikamoo nahodha. Tuko vijana wanne, tumekodi mashua Mikindani twende Kilwa na kurudi siku kumi mwezi wa saba, tukilala humohumo, na spika ya muziki tunabeba. Mashine ya farasi 15 inatosha? (Shangani, Mtwara)*

Marahaba. Kwenda inatosha, hata tanga peke yake linatosha. Mwezi wa saba kusi liko mgongoni na mkondo nao unapanda kaskazini pamoja nanyi. Hizo maili 90 hivi za bahari hadi Kilwa Masoko mtazila kwa nyimbo: Sudi, Lindi, Mchinga, Kiswere, mmefika. Mtapiga picha kwenye magofu ya Kisiwani. Kisha mtageuza gubeti kusini, na nyimbo zitakoma.

Mkondo huo wakati wa kusi unaweza kwenda maili 2 au 3 kwa saa, pengine zaidi. Mashua ikienda 5, nusu ya mafuta yenu inaulipa mkondo. Juu ya hapo upepo uko usoni na mawimbi yanaingia kwa mbele. Wazee wetu walikwenda kaskazini kwa kusi wakarudi kwa kaskazi, na hawakuwa wavivu wala wajinga. Ninyi hamwezi kungoja mpaka Desemba, basi fanyeni hivi: siku tatu za kwenda, saba za kurudi. Mafuta yapigeni mafungu matatu, moja la kwendea na mawili ya kurudia, na dumu moja pembeni lisiguswe na mtu. Kurudi, tumieni umande. Alfajiri upepo wa bara unatoka taratibu na bahari imelala, shikeni kandokando ya pwani. Ikifika saa nne asubuhi kusi likianza kuchachamaa, ninyi muwe mmeshaingia ghubani mnakaanga samaki. Na kama nahodha wenu hajui mwamba ulipo, ngojeni kupambazuke. Mwamba hauna taa.

Hamkuuliza nanga, nami nitajibu. Mwaka mmoja nililala Sudi usiku wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida. Nilikuwa nimetia nanga maji yamekupwa, nikapima kina mita 4, nikatoa kamba mita 20, nikajiona fundi. Usiku maji yakajaa, kina kikapita mita 7, kamba ikawa fupi na nanga ikaanza kutembea. Kelele hazikuniamsha, maana hazikuwepo. Niliamka kwa haja ndogo, nikaona taa ya duka la ufukweni imejificha nyuma ya mikoko. Nikashika amari, ile kamba ya nanga, kwa kiganja, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Amari ikitetemeka hivyo, nanga inaburura.

Kwa hiyo: hesabu kina cha maji kujaa, kisha kamba mara tano ya hicho. Kwangu usiku ule ingekuwa mita 35, na kusi likiwa kali unaongeza. Kati ya kamba na nanga weka mnyororo, japo mita chache, kwa sababu tumbawe linakata kamba kama msumeno. Kabla ya kulala chagua vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mnazi na paa la bati kwa mfano. Vikiachana, amsha wenzako. Wanne mnatosha kupeana zamu. Spika mliyosema mtaibeba iacheni nyumbani, nunueni mnyororo.

*Usiku wa kipupwe baridi inatutesa. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa chini ya sitaha tukafunga turubai? (Lindi mjini)*

Hapana.

Naongeza kidogo kwa sababu ndugu zetu wanakufa kwa jambo hili hata kwenye vyumba vya matofali. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa unatoa sumu isiyo na harufu wala moshi. Utaona usingizi mtamu, ndio huo. Pwani yetu baridi kali ya usiku ni nyuzi 20 hivi. Blanketi, sweta la mtumba na uji wa moto vinatosha. Jiko libaki nje, upande upepo unakoelekea, juu ya sinia lenye mchanga, mbali na dumu la petroli.

*Nifanye nini nisitapike? (Masasi)*

Kaa nje, tazama upeo wa bahari, tafuna tangawizi, usiiname kwenye simu. Na usile wali wa nazi sahani mbili dakika tano kabla ya kuondoka, maana najua ndivyo mtakavyofanya.

*Maji ya kunywa tubebe kiasi gani? (Kilwa Masoko)*

Lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Watu wanne siku kumi ni lita 200, yaani madumu kumi ya lita 20. Madumu, si pipa moja, kwa sababu pipa likipasuka mmekwisha wote. Nusa kila dumu kabla ya kujaza. Lililowahi kubeba mafuta ya taa halisafishiki, hata uliapie. Kuoga ni maji ya bahari, kisha kata moja ya maji ya dumu kusuuza chumvi, basi. Anayetaka kujimwagia ndoo nzima asubuhi na jioni abaki nyumbani.

*Simu nitachaji na nini? (wasomaji sita)*

Sola. Nilijibu mwezi uliopita, na uliotangulia. Na simu yenyewe iwe ndani ya mfuko usioingiza maji.

*Mashua yangu inavuja kidogo tu. Naweza kulala ndani? (Mchinga)*

Kidogo ndiyo kiasi gani? Chukua upo, fua maji magharibi mpaka ngama, kule chini kabisa maji yanakotuama, ikauke, kisha mlale ufukweni. Alfajiri nenda kapime. Kama mashua ilikaa juu ya mchanga miezi na ndiyo kwanza imeshushwa, vumilia siku mbili, mbao zikishiba maji zitajifunga zenyewe. Kama ilikuwa majini muda wote na maji yamegusa mbao za kukanyagia, hiyo haivuji, inazama polepole. Ipandishe, kalafati nyufa zake kwa pamba na sifa, yaani mafuta ya papa, mwite fundi atazame kama mdudu ameshaingia kwenye mbao. Simenti usiguse. Nimeona watu wanaziba mashua kwa simenti kama wanajenga choo.

*Tunaweza kulaza chombo popote Msimbati? (Chuno, Mtwara)*

Ile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kutoka Ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya Ruvuma. Pitia ofisi yao, lipa kinachotakiwa. Nanga itie kwenye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Na usitie karibu na mikoko jioni ukidhani umepata kivuli, mbu watakubeba. Neti ni lazima hata chomboni.

*Tumesikia kimbunga hakifiki Mtwara. Kweli? (Mikindani)*

Na nani kawaambia? Aprili 2019 Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, huku tukikesha. Mei 2024 Hidaya ikaja pwani yetu wenyewe, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa. Hivyo vilikuja mwisho wa masika, si kipupwe. Sasa hivi cha kuogopa ni kusi lenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, msiniandikie kuniuliza kama wametia chumvi. Laleni ghubani, chezeni bao.

*Mume wangu amestaafu, anataka tuuze makochi tuhamie botini moja kwa moja. Nimjibu nini? (Kitunda, Lindi)*

Mama, mwambie atangulie. Alale humo peke yake usiku wa bamvua mahali pa kina kifupi, maji yakikupwa boti ilale ubavu saa nne za usiku, sufuria ya wali imwagike juu ya godoro, naye ashikilie mlingoti akingoja maji yarudi. Asubuhi mpe chai, ndipo umuulize. Makochi msiuze kwanza.