Maswali ya Maabara: Raji hazishikani, rituximab haiui

SWALI: Najaribu dawa za limfoma ya Burkitt (saratani ya seli B, aina ya chembe nyeupe za damu) kwenye madonge ya Raji, seli za saratani hiyo zinazokuzwa maabara. Sahani ninayotumia ilinifaa sana kwa saratani ya matiti, lakini Raji zinatulia chini kama mchanga, na nikibadilisha chakula (kimiminika cha kukuzia seli) zinasambaratika. Nakosea wapi? – *Mwanafunzi wa uzamili, Kampala*

JIBU: Seli nyingi za saratani ya matiti hushikana zenyewe. Raji, zilizotolewa mwaka 1963 kwenye taya la mtoto wa Nigeria, huelea na kukumbatiana kwa ulegevu tu. Zinahitaji kitu cha kuzikusanya, na rahisi kupatikana ni methiliselulosi, unga unaofanya chakula kiwe kizito.

Tengeneza ya asilimia 1.2. Unga upitishe kwenye otoklevu (chombo cha mvuke cha kuua vijidudu) ukiwa mkavu, sumaku ya kukorogea ikiwa humo humo chupani. Mimina nusu ya RPMI (chakula cha seli) ikiwa na nyuzi 60, koroga dakika 20, kisha ongeza nusu iliyobaki ikiwa baridi na uiache ikikorogwa usiku kucha kwenye nyuzi 4. Unga huu huyeyuka kwenye ubaridi, si kwenye joto. Anayeendelea kuupasha huambulia uji wenye mabonge.

Changanya sehemu moja ya methiliselulosi na sehemu nne za chakula chenye seli, upate asilimia 0.24. Weka seli 10,000 katika mikrolita 150 kwa kila kishimo, kwenye sahani ya vishimo 96 vyenye kitako cha mviringo kisichonata. Zungusha kwa nguvu ya 200 g (mara 200 ya mvutano wa dunia) dakika 5, breki ya sentrifuji ikiwa imezimwa, kisha usiiguse sahani kwa siku tatu. Vishimo vya ukingoni hukauka upesi, kwa hiyo vijaze PBS (maji ya chumvi ya maabara) tu.

Chakula usibadilishe chote. Nyonya mikrolita 50 za juu, ncha ya pipeti ikigusa ukuta, urudishe 50.

Lenga donge la mikromita 300 hadi 400. Likizidi 500, seli za katikati hufa kwa kukosa oksijeni kabla hujaweka dawa yoyote, nawe utaihesabia dawa vifo visivyo vyake. Piga picha siku ya tatu na uyatupe madonge yaliyopishana sana kwa ukubwa.

SWALI: Madonge yangu yako imara, lakini rituximab haiui hata nikiongeza kipimo. Siklofosfamidi nayo vilevile. Je, donge linazuia dawa kupenya? – *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Kabla ya kulilaumu donge, jiulize kama dawa hizo zingeweza kuua hata seli zinazoelea.

Rituximab ni kingamwili inayoshika CD20, protini iliyo juu ya seli B, lakini kazi kubwa ya kuua huachiwa komplementi (protini za kinga zilizo kwenye damu) na seli za kinga. Kama seramu yako (maji ya damu yasiyo na seli) ilipashwa nyuzi 56 kwa dakika 30, komplementi ilikwisha. Ongeza asilimia 10 hadi 20 ya seramu mbichi ya binadamu, iliyogandishwa mapema kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na vishimo vingine uviwekee seramu ileile iliyopashwa, upate cha kulinganisha. Au tia seli za NK, seli za kinga zinazoua. Ukitaka kujaribu seli T za CD8 (aina nyingine ya seli za kinga zinazoua), usitumie Daudi, seli za limfoma ya Burkitt za mgonjwa wa Kenya za mwaka 1967: hazina HLA ya daraja la kwanza, protini zinazozionyesha seli T kilichomo ndani ya seli, juu ya utando wake, hivyo seli T hazina cha kutambua.

Siklofosfamidi huamshwa na ini, na sahani haina ini. Tumia mafosfamidi, ndugu yake isiyohitaji ini. Kwa sababu hiyo hiyo, prednisoni ibadilishe kwa prednisoloni.

SWALI: Naweza kupima uhai wa madonge kwa MTT (rangi inayogeuzwa fuwele na seli hai)? – *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Hatushauri. Rangi haifiki katikati sawasawa, na fuwele zake haziyeyuki zote. Tumia kipimo cha ATP (molekuli ya nishati ya seli hai) chenye kimiminika kikali cha kupasua seli: tikisa kwa nguvu dakika 5, subiri 25, ndipo usome. Ukitumia darubini ya mwanga wa rangi, kumbuka doksorubisini yenyewe hung'aa nyekundu. Ukiichanganya na propidiamu ayodaidi, rangi nyekundu inayoingia seli zilizokufa, hutajua kama unaona seli iliyokufa au dawa iliyoingia.