Kabla ya Kubadilishiwa Nyonga, Mtazameni Anavyotembea

Wagonjwa wengi wanaoletwa kwangu kwa fiziotherapia baada ya kubadilishiwa nyonga huja na bahasha nene za eksirei, lakini ni wachache ambao mwendo wao ulitazamwa kwa makini kabla ya upasuaji. Mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba, kanuni aliyoieleza daktari Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892; kwa hiyo mtu aliyechechemea kwa miaka, akiukwepa mguu unaouma, huenda paja la upande huo limekwisha kupungua uimara.

Mwacheni mzee wenu atembee peku sakafuni, nanyi mkae nyuma yake. Mguu mgonjwa hukanyaga kwa muda mfupi kuliko mzima, hata vishindo vyake havilingani. Akiusimamia mguu huo na kiuno kikashuka upande wa pili, misuli ya kando ya nyonga imelegea. Mrekodini kwa simu, kisha mwulizeni ameanza lini kuchechemea, maana jibu hilo lina uzito kwa daktari kuliko watu wanavyodhani.

Uzito wenyewe uko katika uchaguzi wa kiungo bandia. Kuna kinachoshikizwa kwa saruji ya mifupa, na kuna kinachogongwa kikabana ndani ya paja hadi mfupa ukishike wenyewe. Mfupa dhaifu unaweza kupasuka wakati wa kugongwa huko. Nchini Iceland, watafiti wa Chuo Kikuu cha Reykjavík wamekuwa wakiunganisha vipimo vya mwendo, nguvu za misuli na picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mfupa kwa ndani) ili kuusaidia uamuzi huo.

Hata hivyo, mwendo peke yake haumhukumu mtu, kwa kuwa goti, mgongo na neva pia huchechemesha. Mama aliyekoma hedhi, au yeyote aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, aombe kipimo cha DEXA, yaani eksirei ya kupima uimara wa mifupa, kinapopatikana. Alama ya kipimo hicho (T-score) ikiwa −2.5 au chini yake, hiyo ndiyo osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika.

Baada ya upasuaji, mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande usiopasuliwa (wengi huushika kinyume, na jamaa huwaunga mkono), na mguu mpya uongezewe mzigo kama daktari alivyoelekeza. Kuchechemea kulikokwisha kukirudi, hasa pamoja na maumivu ya paja, msianze kumkanda kwa mafuta. Mrudisheni kwa daktari aliyempasua, apigwe picha upya.